Kete Niliyoacha Kuila

Sikuwa nimepanga kulala. Ilikuwa Jumapili, saa tisa alasiri, jua limepiga bati mpaka linalia, na mimi nimekaa ukumbini juu ya mkeka na ungo wa mchele mapajani, nachambua mchele ambao nilikuwa nimeshauchambua mara mbili. Mikono ilitaka kazi tu. Mlango wa chumba cha mwanangu Milembe ulikuwa umefungwa tangu jana yake jioni, na nyuma ya mlango ule hapakuwa na kilio wala kikohozi, hata kitanda hakikulia. Nawaandikia nyinyi kina mama wenzangu mnaolea peke yenu, hasa nyinyi ambao mtoto akilia mnahisi kama nyumba inaungua. Sikilizeni yaliyonipata, halafu mnicheke mkitaka.

Milembe ana miaka kumi na sita, na hapa mtaani kwetu walikuwa wakimwita bingwa wa drafti. Ubingwa wenyewe walimpa kwa sababu yangu. Enzi za marehemu baba yake, Nkwabi, ambaye alikuwa fundi baiskeli, mimi nilikuwa nakaa kibarazani kwake na kufunga wanaume wa mji mzima kwa vizibo vya soda. Nkwabi mwenyewe nilikuwa namfunga huku namenya viazi. Sasa watu walipoona mtoto ananifunga mimi kila siku, wakapiga hesabu yao: anayemfunga mama Milembe, nani atamfunga? Wakachanga, wakamshonea fulana yenye jina, wakampeleka kwenye mashindano ya wilaya. Hawakujua, na mimi sikuwaambia, kwamba wiki tatu baada ya kumzika Nkwabi nilimfunga mtoto yule mchezo mmoja, akiwa na miaka tisa, akalia mpaka pumzi ikakata na midomo ikawa ya buluu. Tangu siku ile sikumfunga tena. Nikiona kete ya kula, najifanya sijaiona. Nikasema ni mapenzi. Miaka saba.

Kwenye mashindano alipangiwa Lugwisha, fundi cherehani, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kama hujui drafti, jua jambo moja tu: kula ni lazima. Ukiwekewa kete mdomoni huna ruhusa ya kusema nimeshiba. Kwa hiyo mchezaji hodari anakulisha moja, unakula, unafurahi, halafu yeye anakula tatu kwa mpigo. Lugwisha alimlisha mwanangu. "Kula, binti, usiogope, chakula cha bure hicho." Milembe akala. Watu wakaanza kucheka. "Huyu anakula kama kuku! Anafuata punje mpaka ndani ya chungu!" Mchezo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, wa tatu haukumaliza hata muda wa kunywa kikombe cha chai. Lugwisha akavua miwani akamwuliza taratibu, "Binti, nani kakufundisha?"

"Mama."

"Na unamfunga?"

"Kila siku."

Mzee akanitazama mimi, sio yeye. "Mama yako alikuwa ananifunga mimi, nikirudi nyumbani silali. Kama unamfunga kila siku, mjukuu wangu, basi hujawahi kucheza naye."

Na kwa kuwa kwenye drafti aliyefungwa humpisha mwenzake, watu wakapaza sauti, "Apishe! Apishe!" Milembe akainuka na fulana yake yenye jina. Njiani kurudi nyumbani, tulipofika kwenye kalavati, akasimama. "Mama, ulikuwa unaniachia?" Nikamjibu, "Aa, yule Lugwisha ana maneno mengi." Akasema, "Mama." Nikasema, "Siku yako haikuwa nzuri tu, mwanangu." Hapo ndipo alinitazama kwa jicho ambalo sijawahi kuliona usoni pake. "Na ukiniambia najua kushona? Na ukiniambia nimependeza? Na ulivyoniambia baba alikuwa akinitaja mpaka dakika ya mwisho, na hilo uliniachia tu?" Akanitangulia mpaka nyumbani. Akaingia chumbani kwake, akafunga.

Hilo ndilo nililokuwa nalo kifuani siku ile kwenye mkeka. Neno langu lilikuwa limekufa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nikaegemea ukuta, macho yakawa mazito, na kelele za bati zikaanza kusikika kwa mbali, mbali zaidi, kama mvua inayonyesha kwenye kijiji cha watu wengine.

Nikajiona natembea kwenye uwanja mpana kuliko mbuga, umegawanyika miraba myeusi na myeupe mpaka pale macho yanapochoka. Hakukuwa na vumbi, hakukuwa na kuku wala moshi wa jiko la mtu yeyote, na miguu yangu ilipokanyaga haikutoa sauti. Niliita, na mwito wangu ukatoka mdomoni ukaanguka karibu na vidole vyangu kama ganda la karanga. Nilipokuwa nageuka huku na huku nikitafuta walau kivuli cha mti, nikaona mwanamke ananijia, kajitanda khanga laini iliyofuliwa mara nyingi, ananukia mafuta ya mtoto mchanga. Uso wake ulikuwa umejaa pole kabla hata sijamwambia shida yangu.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Umechoka. Wewe umebeba peke yako muda mrefu. Mimi naitwa Huruma, na ninakujua, maana nimelala nyumbani kwako miaka saba. Nipe mkono nikupeleke mahali ambapo hakuna mtoto anayelia." Nikampa mkono. Kiganja chake kilikuwa cha moto, na kilikuwa kinatetemeka kama cha mtu mwenye homa. Nikamwuliza, "Mbona unatetemeka?" Akasema, "Ni mapenzi hayo." Nikaamini, kwa sababu na mimi nilikuwa natetemeka hivyo hivyo.

Tukafika kwenye mtaa ambao juu ya njia yake wameandika kwa chokaa: MTAA WA WASIOFUNGWA. Nyumba hazikuwa na milango, maana hapakuwa na mgeni wa kubisha. Mbele ya kila nyumba alikaa mtu mmoja na ubao wake wa drafti, na kichwani amevaa taji la vizibo vilivyopandishwa kuwa kingi, wale wafalme wa drafti, vingine vikishuka mpaka masikioni, na mkabala wake kuna kiti kitupu. Watu wengi namna ile, na kimya namna ile, sijapata kuona hata msibani. Kijana mmoja aitwaye Sifa alikuwa akipita katikati na filimbi na kigoma, anapiga makofi mbele ya kila ubao, "Bingwa! Bingwa huyo! Hana mpinzani!" lakini macho yake yalikuwa yanatazama pengine kabisa, kama mpiga debe anayesifia gari asilolijua. Nikamsogelea baba mmoja mwenye mvi, nikamwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sijafungwa tangu nizaliwe," akasema, kabla hata sijamwuliza.

"Hongera. Na unacheza na nani?"

Akakitazama kiti kile kitupu kwa muda mrefu. "Alikuwepo," akasema. Halafu akainama kidogo, akashusha sauti kama anayeulizia kitu cha aibu. "Mama, huko ulikotoka, watu bado wanabishana?"

"Wanabishana sana, baba."

"Wee! Hata kuambiana umekosea?"

"Hata kuambiana mjinga wewe, umekosea."

Baba yule akafumba macho, akavuta pumzi kwa pua, kama mtu mwenye njaa anayesikia harufu ya nyama ya jirani. Chozi likashuka likapotea kwenye ndevu. Huruma akanivuta mkono haraka. "Usimsikilize huyo, twende. Hapa ni salama."

Tulipokuwa tunaondoka tukapishana na mwanamke mfupi, mkavu, aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Hakutua ndoo, hakutabasamu, na salamu yake ilikuwa fupi kama kisu cha kumenyea. "Mimi ni Kweli. Umemleta mwanao huku, au amekuja mwenyewe?" Nikamwambia mwanangu yuko nyumbani, chumbani kwake, mlango umefungwa. Akasema, "Mwanao yuko langoni. Njoo utazame." Huruma akanishika kiuno kwa mikono miwili, "Usiende, utaumia bure." Nikajiona nimesimama katikati yao, mmoja wa moto, mwingine baridi kama maji ya mtungi, na miguu yangu ikamfuata wa baridi. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu yeye hakunishika.

Mwisho wa nchi ile kuna lango kubwa, na mbele ya lango amekaa Dunia. Niliogopa nikidhani nitaona jitu lenye meno. Hapana. Dunia ni mtu mnene, mtulivu, ana mfuko wa karanga miguuni, anacheza huku anatafuna, wala hainui macho kumtazama aliyeketi mbele yake. Anayecheza naye mchezo wa kweli, hata akifungwa, hupita langoni na kwenda kuishi. Asiyejua kucheza husimamishwa na kurudishwa mtaani. Na aliyekuwa ameketi mbele yake ni Milembe, na fulana yake yenye jina. Dunia akasogeza kete moja kwa kidole kidogo. Mwanangu akala, akageuka nyuma kutafuta mtu wa kumpigia makofi. Dunia akala tatu. Akamlisha nyingine. Akala, akageuka tena, anatabasamu, ananitafuta mimi. Nikapiga kelele, "Milembe, mtego!" Sauti yangu ikaanguka palepale kwenye vidole vya miguu. Mara ubao ukawa mtupu upande wake, na Dunia akapangusa maganda ya karanga mapajani, akasema bila hasira, "Apishe."

Nikamgeukia Kweli. "Mbona anamwonea? Ni mtoto!" Kweli akazungusha ndoo kichwani, maji yakatulia, ndipo akanijibu polepole, neno baada ya neno, kama mtu anayepima unga wa kugawia watu wengi. "Dunia hamwonei. Hamjui hata jina. Ana watu wengi, na jioni atakuwa amemsahau. Kumfunga kwanza ilikuwa kazi ya mtu anayemjua jina, anayejua anavyolia, anayejua anapenda kulazwa ubavu gani akishalia. Mtu huyo aliona kete mara elfu, akafumba macho mara elfu. Sasa mwanao amekuja kujifunza kufungwa kwa mtu anayetafuna karanga."

Sifa alikuwa ameshafika na kigoma chake. Akamwongoza Milembe mpaka mtaani, akamketisha mbele ya nyumba isiyo na mlango, akamvika taji la vizibo. Mwanangu hakulia. Alikaa mikono mapajani, akakitazama kiti kitupu kilicho mbele yake, kama yule baba alivyokitazama. Kweli akaniambia, "Kiti hicho ni chako. Miaka saba watu wanadhani umekikalia." Nikaenda nikakaa. Milembe akapanga kete bila kuniangalia, tukaanza.

Haikuchukua muda kete yake moja ikaja ikasimama wazi mbele yangu. Nikanyoosha mkono. Huruma alikuwa amenifuata, akaniinamia sikioni, "Atalia. Umesahau ile midomo? Umesahau ulivyomtikisa ukidhani amekufa?" Sikuwa nimesahau. Nikarudisha mkono, nikasogeza kete ya pembeni isiyo na maana. Na ubao ukarefuka. Nawaapia: ulirefuka mbele ya macho yangu, miraba ikazaliwa katikati yetu, na kiti cha Milembe kikaenda nyuma hatua kumi. Ikaja kete nyingine. Nikaiacha. Hatua kumi tena. Kila nilipomwachia, Sifa alipiga filimbi, na mwanangu akazidi kuwa mdogo, mpaka uso wake ukawa kama kifungo cha shati, na bado ulikuwa unatabasamu, unamtabasamia mtu ambaye yeye alidhani yuko karibu. Sijawahi kuhisi upweke wa namna ile, hata siku nilipomzika mume wangu. Siku ile nilikuwa na watu wa kunishika. Hapa nilikuwa na mwanangu mbele yangu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na mwenzake.

Kweli akasimama kando ya ubao. "Muulize huyo aliye sikioni mwako jina lake la nyumbani."

Nikageuka. "Unaitwa nani?"

"Nimeshakwambia. Huruma."

"La nyumbani. Alilokuita mama yako."

Akajitanda khanga vizuri, akaikaza, mikono ikimcheza. Kwa mara ya kwanza akashindwa kunitazama. "Hofu," akasema. "Mama aliniita Hofu. Huruma nilijiita nilipohamia kwako. Ningekuja na jina langu usingenifungulia." Wala hakuwa na ubaya usoni. Alikuwa kama mpangaji aliyebambwa, anayetaka tu asitolewe nje jua linapozama.

"Basi Huruma mwenyewe yuko wapi?" nikamlilia Kweli. "Nimeizunguka nchi nzima, sijamwona."

"Huruma haonekani akitembea," akasema. "Huruma ni yule anayekufunga, ukalia, ukimaliza kulia unamkuta bado yuko kitini."

Nikatazama ubao. Kule mbali kabisa kete ya Milembe ilikuwa imekaa wazi, na nyuma yake mraba mtupu. Nikanyoosha mkono, haukufika. Nikainuka nusu, nikalala kifudifudi juu ya miraba, nikajivuta. Hofu akanishika vifundo vya miguu. Nilipoigusa kete yangu ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Nikaisukuma kwa mikono miwili, kwa kidevu, kwa bega, huku yule mwenye uso kama kifungo ameacha kutabasamu na ananitazama. "Nakula!" nikapiga kelele. "Milembe, nakula!"

Nikaamka mchele umetapakaa ukumbi mzima na mkono wangu umenyooka mbele. Jua lilikuwa bado lipo juu ya bati. Nikakaa vilevile, na maana ikaniingia, nayo haikuja kama mwanga, wenzangu, ilikuja kama maumivu ya mguu uliokufa ganzi damu inaporudi. Nilikuwa nikijiona mama anayempa mtoto ushindi. Kumbe nilikuwa nakimbia kilio chake. Nilimwacha peke yake mezani miaka saba, nikabaki nimekaa pale pale. Kwa hiyo nawaonya: mtoto anayekushinda kila siku, jiulize kama uko naye. Na usimtafutie jibu tamu, akishaligundua hataliamini hata lile la kweli.

Nikaenda mlangoni, sikubisha. Nikakaa chini, mgongo kwenye mbao.

"Milembe, nilikuwa nakuachia."

"Mara ngapi?" Sauti yake ilikuwa karibu sana, kumbe naye alikuwa amekaa chini upande wa pili.

"Zote."

"Hata ile ya Idi, ulipotaka kutupa ubao?"

"Hata ile. Nilijifanya."

"Kwa hiyo sijawahi kukufunga hata siku moja."

"Hujawahi. La baba yako ni kweli. Alikuita mara mbili, akaomba maji, akakuita tena. Siwezi kukulazimisha uliamini."

Mlango ukafunguka, karibu nianguke chali. Akaniruka kama unavyoruka dimbwi, akachukua ubao na mfuko wa vizibo, akatoka nje bila kuvaa kandambili vizuri. Niliona anaelekea kibarazani kwa mafundi, kwa Lugwisha na wale wale waliomcheka. Kila kiungo changu kilitaka kumfuata. Nikabaki. Niliokota punje za mchele moja moja, na nyumba ilikuwa tupu kuliko Mtaa wa Wasiofungwa, na kelele za wanaume zikinifikia kutoka kule, "Apishe! Apishe!", na kila nikizisikia nilijua ni nani anayeinuka.

Akarudi jua linapozama, macho mekundu, vidole vyeusi kwa vumbi la vizibo. Akasimama mlangoni.

"Nimefungwa saba."

Maneno yalinijaa mdomoni: pole mwanangu, wale ni wazee, kesho utawaweza. Nikayameza yote. "Nionyeshe mchezo wa saba," nikasema.

Akakaa mbele yangu. Akapanga kete jinsi zilivyokuwa, akasogeza yake, akasogeza ya Lugwisha, akasogeza yake, akaona nimekunja uso akasimama na kizibo mkononi.

"Hapo ulicheza vibaya," nikamwambia. "Vibaya sana."

Mkono wake ukabaki hewani. Midomo ikatetemeka, chozi likamshuka likaangukia ubaoni, na mimi sikuinuka. Akaninyanyulia macho, mara ya kwanza tangu kwenye kalavati.

"Wapi?" akasema.